Joho la Kuazima

Miongoni mwa maswali yaliyowahangaisha wanazuoni wa dini na wa falsafa tangu kale, limo moja ambalo kwa dhahiri laonekana jepesi, na kila mtu hudhani analo jawabu lake mkononi mpaka aulizwe mara ya pili: mtu avaaye vazi la ibada isiyokuwa yake, akatamka maneno ya imani asiyoiitakidi, akamwaga machozi kwa msiba usiomfika, na akayafanya hayo yote mbele ya halaiki hata halaiki nayo ikalia, je, mtu huyo ni mwongo? Asemaye kuwa ni mwongo hana budi kututajia aliyedanganywa, maana wote waliokuwapo walilipa kiingilio huku wakijua kwamba waendako ni mchezoni. Na asemaye kuwa si mwongo hana budi kutuambia yale machozi yalikuwa ya nani.

Swali la namna hii likiachwa lielee hewani hugeuka mashindano ya ufasaha, na kwa hiyo nimependa kulitazama katika maisha ya mtu mmoja aliyekwisha kufa, ambaye kazi zake zingaliko za kutazamwa. Jina alilopewa na wazazi wake ni William Joseph Shields, na alizaliwa Dublin, mji mkuu wa Ireland, tarehe 10 Machi 1888. Jina alilojulikana nalo duniani ni Barry Fitzgerald. Hakuwa katika lile tabaka la waigizaji wenye nyuso za kupendeza ambao hadithi hutungwa kwa ajili yao, wakateseka kidogo na mwisho wakaoa. Alikuwa mtu mfupi, nyusi zake nene, sauti yake ya mkwaruzo, na umri wake wa kazi aliumaliza akiwa mtu wa kando: mlevi, baharia, hakimu, mpelelezi, mshenga, padri. Watu wa aina yake hawaibebi hadithi mabegani, lakini wakiondolewa hadithi hupwaya, kwa kuwa ni wao waifanyao dunia ya mchezo ionekane ina wakazi.

Alizaliwa katika nyumba ya Kiprotestanti, na hili yafaa lisisitizwe kwa msomaji aliye mbali na nchi ile. Katika Ireland ya zama zake walio wengi walikuwa Wakatoliki, na tofauti ya madhehebu ilikuwa imebeba, kwa karne kadhaa, mizigo mingine isiyohusiana na sala: nani mwenye ardhi na nani mpangaji, nani mtawala na nani mtawaliwa, nani aambatanaye na Mwingereza na nani ampingaye. Walakini nyumba ya akina Shields haikukaa sawasawa katika mizani hiyo, kwani baba yake alijulikana katika harakati za wafanyakazi, mama yake alikuwa mzaliwa wa Ujerumani, na mdogo wake Arthur, aliyezaliwa mwaka 1896, alishika bunduki pamoja na waasi walioinuka dhidi ya Mwingereza Pasaka ya mwaka 1916, akatiwa nguvuni akapelekwa kambi ya Frongoch katika nchi ya Wales. William mwenyewe hakushika bunduki. Alikuwa karani wa serikali.

Ukarani huo aliuingia mwaka 1911, na hatimaye akawekwa katika ofisi ishughulikiayo watu wasio na kazi. Na ilipokuwa jioni alivua ukarani akaenda Abbey Theatre, jumba la michezo lililofunguliwa mwaka 1904 na mshairi W. B. Yeats na Lady Gregory na wenzao, akaigiza kwa ujira mdogo. Inasemwa kwamba jina la Barry Fitzgerald alilitwaa ili wakubwa wake wa ofisini wasije wakaudhika. Akaendelea hivyo miaka na miaka, mtu mmoja majina mawili, mpaka mwaka 1929 alipoacha ofisi akaenda London kuigiza katika mchezo wa Sean O'Casey uitwao The Silver Tassie, ambao Abbey wenyewe walikuwa wameukataa. Alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka 40. Umri huo aghalabu watu huhesabu pensheni.

Kabla ya hapo, mwaka 1924, O'Casey alikuwa amempatia mtu wa kumvaa ambaye kwa maudhui yetu ana faida kubwa. Katika Juno and the Paycock yumo mtu aitwaye Jack Boyle, ajiitaye Kapteni, ilhali bahari aliyoivuka ni ile iliyo kati ya Dublin na Liverpool, mara moja, katika chombo cha makaa. Mtu ambaye akisikia tu kuwa kuna kazi mahali, miguu humuuma asiweze kusimama. Naye mwigizaji aliyemvaa mtu huyo usiku ndiye karani aliyeshinda mchana kutwa akiwahudumia wasio na kazi! Sina habari ya mzaha uliotimia kuliko huu, na nadhani hapana aliyeukusudia.

Lakini tuuache mzaha, tuwatazame hao wawili kwa jicho la hukumu, Boyle na Fitzgerald, wote wawili wakijinadi kwa jambo wasilokuwa nalo. Boyle asema mimi ni kapteni. Fitzgerald asema mimi ni Boyle. Boyle akisikia kwamba amerithi mali hukopa, hujaza nyumba samani, hupokea heshima ya majirani, na urithi usipofika jamaa zake ndio walipao kwa aibu na maangamizi. Fitzgerald pazia likishuka hainami tena, miguu haimuumi tena, na kesho saa za ofisi yupo mezani pake. Mmoja ameomba aaminiwe, akachukua kitu kwa kuaminiwa huko. Wa pili hakuomba aaminiwe, ameomba atazamwe. Kwa maoni yangu uongo unakaa katika kufungua mkono kupokea kisichokuwa haki yako, na ulimi ni chombo chake tu; ndiyo maana yuko mwongo asiyesema neno, na yuko mwenye kusema maneno elfu yasiyokuwa, naye akaenda zake msafi.

Walioushitaki mchezo wa kuigiza zamani hawakuwa watu wa kudharauliwa, na hoja zao zaidi ya moja zina uzito. Plato, katika kitabu chake juu ya dola, alihofu kwamba kuiga huzama ndani: mwenye kumwiga mwoga na mlevi kila siku hatimaye huota mizizi ya uoga na ulevi katika hulka yake mwenyewe. Tertullian wa Karthago, aliyeandika kiasi cha mwaka 200 juu ya maonyesho ya Warumi, alikwenda mbele zaidi, akaona ya kuwa Mungu aliye asili ya kweli hawezi kuridhia sauti ya kuazima, jinsia ya kuazima, huba na ghadhabu za kuazima. Kutoka hapo Kanisa katika Ufaransa lilifika hata kuwanyima waigizaji maziko ya Kikristo wasipoikana kazi yao kabla ya kufa. Molière, mtungaji na mwigizaji mkubwa wa taifa lile, alifariki mwaka 1673 saa chache baada ya kushikwa na maradhi jukwaani, naye alikuwa akiigiza mtu mzima wa afya ajidhaniaye mgonjwa. Hata ikabidi mfalme aingilie kati ndipo akazikwa, tena usiku. Waliomhukumu kuwa ni mtu wa uongo walimwona akikohoa wakacheka, na kikohozi kilikuwa cha kweli.

Katika upande wetu wa elimu, aliyelichimbua jambo lililo jirani na hili ni Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika mlango wake juu ya riya ndani ya kitabu chake Ihyaa. Anapohesabu njia ambazo mtu hujionyesha kwa watu ili wamsifu kwa ucha Mungu, ataja mwili, mavazi, maneno, matendo, na wafuasi wa kumzunguka. Msomaji aisome orodha hiyo kisha aende kumtazama mwigizaji kazini, ataona zana zake ni zizo hizo: mwili huukondesha au huukunja, mavazi huyavaa, maneno huyajifunza, matendo huyapima. Kwa nje basi mwenye riya na mwigizaji ni watoto wa mama mmoja. Hapa ndipo wengi walipoteleza, wakaona kufanana kwa zana wakahukumu kufanana kwa dhambi. Bali riya, kama Imamu mwenyewe aielezavyo, ni kuitafuta daraja katika nyoyo za watu kwa njia ya ibada. Mwenye riya akisujudu anataka wewe uondoke ukisema, fulani huyu ni mtu wa Mungu. Mwigizaji akisujudu anataka uondoke ukisema, yule mzee wa kwenye mchezo alikuwa mtu wa Mungu. Na sifa ajitakiayo mwenyewe ni ya ustadi, na kama hiyo nayo ni ghururi, basi ni ghururi ashirikianayo na seremala na mshairi.

Hata hivyo sharti la hukumu hii ni kwamba mtazamaji ayajue mapatano, na siku mapatano hayo yavunjikapo mambo huharibika upesi. Usiku wa tarehe 11 Februari 1926 Abbey ilikuwa ikionyesha mchezo mpya wa O'Casey, The Plough and the Stars, unaoyasimulia maasi ya 1916 kwa macho ya wakazi wa nyumba za kimaskini, na ndani yake bendera za wapigania uhuru zaingizwa kilabuni penye mwanamke malaya. Watu wakasimama wakapiga makelele kwamba mashahidi wametukanwa, na wengine wakapanda jukwaani. Mwigizaji F. J. McCormick akajongea mbele akawasihi watazamaji wapambanue kati ya mchezo na waigizaji. Fitzgerald, aliyekuwa amemvaa seremala mlevi Fluther Good, inasimuliwa kwamba alimjibu mmoja wa waliopanda kwa ngumi, na huenda ngumi ile ilitoka kwa Fluther kuliko kwa karani wa serikali. Yeats naye akatoka akawahutubia kwa ukali kwamba wamejiaibisha kwa mara nyingine.

Sasa tazama. Miongoni mwa waliokuwa jukwaani usiku ule alikuwa Arthur Shields, amemvaa Luteni Langon, mmoja wa wapiganaji wa 1916 aliyejeruhiwa vitani. Naye Arthur alikuwa amepigana kweli katika vita vile vile na akafungwa kwa ajili yake. Kwa hiyo baadhi ya waliokaa vitini wakizomea walimzomea mtu aliyekuwapo, kwa kosa la kujifanya kuwa yupo. Lau wangeliambiwa wajue kweli ya mtu yule, wasingalijua waingize wapi hasira yao. Na yuko mwingine wa kukumbukwa hapa, Sean Connolly, mwigizaji wa jukwaa lile lile la Abbey, ambaye tarehe 24 Aprili 1916, siku ya kwanza ya maasi, alipigwa risasi akafa juu ya paa la jumba la City Hall akiongoza wenzake. Tertullian angelimweka mtu huyu katika safu gani? Kazi yake ilikuwa kujifanya, na mauti yake hayakuwa na kujifanya hata chembe.

Nasogea mbele haraka, kwa kuwa miaka ya kati haina mengi ya kutufaa. Mwaka 1936 mwongozaji John Ford alimwita Fitzgerald Hollywood aigize tena Fluther Good, mara hii mbele ya kamera, na huko akakaa. Akacheza katika sinema nyingi, sehemu ndogo ndogo, mpaka mwaka 1944 mwongozaji Leo McCarey, aliyekuwa Mkatoliki, alipomtia katika Going My Way awe Padri Fitzgibbon, mzee wa parokia moja ya New York yenye deni, ambaye askofu amemletea padri kijana, Bing Crosby, eti awe msaidizi wake. Mzee hampendi kijana wala nyimbo zake. Akaamua kwenda kwa askofu kumshitaki. Na huko ndiko alikotambua, bila ya mtu kumwambia kinaga ubaga, ya kuwa kijana ameletwa kushika mahali pake, na kwamba usimamizi wa nyumba aliyoijenga kwa maisha yake umekwisha mwondoka. Arudipo, Fitzgerald halii wala halalamiki. Azungumza kwa adabu, akimpa kijana chumba na amri kama kwamba wazo ni lake, na adabu yenyewe ndiyo ivunjayo moyo. Mwishoni kijana amemletea mamake kutoka Ireland, bikizee ambaye hawajaonana kwa miaka 45, na padri mzee amwendea kwa hatua za mtoto.

Mamilioni ya Wakatoliki walimwona mzee huyo wakamtambua: walisema huyu ndiye padri wetu, yule wa utotoni mwetu, mkali, mchovu, mwenye chupa yake ndogo iliyofichwa nyuma ya vitabu. Aliyewapa padri wao hakuwa wa kanisa lao. Wapo watakaosema kwamba nguo ya kuazima haisitiri, na kwamba mahali fulani lazima Uprotestanti wa mtu ulichungulia. Mimi nimetazama nikaona kinyume. Naona kuwa nje kwake ndiko kulikomsaidia. Aliye ndani ya dhehebu akimwigiza mchungaji wake aghalabu huwa na deni la kulipa, ama la mapenzi, naye atamfanya mchungaji awe malaika. Ama la kinyongo, naye atamfanya awe dhalimu. Mtoto wa Kiprotestanti wa Dublin aliwaona mapadri maisha yake yote kwa umbali wa njia, upande wa pili, wakipita kwenda kwa wagonjwa, wakikemea watoto, wakinyeshewa. Hakuwa na la kuwaomba wala la kuwaogopa. Alichokuwa nacho ni jicho, na jicho lisilo na haja likitazama kwa muda mrefu huzaa kitu ambacho wazee wetu walikiita insafu, yaani kumpa mtu haki yake iliyo sawasawa hata kama hamko njia moja.

Nadhani hili ni jambo kubwa kuliko sinema. Tumezoea kuambiwa kwamba imani ya mwingine haijulikani ila na aliyemo, na kuna ukweli wa kutosha katika hilo. Wa nje hajui ladha ya sala. Lakini anaweza kuijua tabia ambayo sala imeijenga kwa mtu, jinsi anavyokaa kitini, jinsi anavyopokea habari mbaya, na maarifa haya aliye ndani huenda asiwe nayo, kwa kuwa haoni kitu alichokizoea. Nawajua mashekhe waliofundishwa sura yao na jirani asiye Mwislamu, kwa neno moja tu alilolisema bila ya kukusudia.

Kwa kumwigiza Padri Fitzgibbon, Fitzgerald alipendekezwa kwa tuzo mbili za Oscar, ya mwigizaji mkuu na ya mwigizaji msaidizi, kwa sehemu moja ile ile, jambo ambalo kanuni zilibadilishwa baadaye lisitokee tena. Ukuu ukaenda kwa Crosby, naye Fitzgerald tarehe 15 Machi 1945 akapata ya usaidizi. Sanamu za mwaka ule zilikuwa za plasta, maana madini yalihitajika vitani, na yake aliikata kichwa nyumbani akijifunza kupiga mpira wa gofu. (Waandishi wa magazeti wameifurahia habari hii kuliko kazi yake yote.) Isiyosimuliwa sana ni kwamba katika miezi ile ile ambayo watu walikuwa wakililia wema wa Padri Fitzgibbon, yeye alikuwa mshitakiwa katika kesi ya ajali ya gari iliyoua mtu, na mahakama ikamwachilia mwezi wa Januari 1945. Siitaji ili kumtia doa ambalo mahakama haikulitia. Naitaja kwa sababu yaonyesha umbali uliopo kati ya joho na mtu aliye ndani yake, na jinsi umati usivyoutaka umbali huo: umati hupenda padri wa kwenye pazia awe padri, na ukigundua kuwa ni binadamu mwenye mashaka yake hujiona umepunjwa. Mwaka 1945 huo huo uso ule ule ukatokea katika And Then There Were None, safari hii ukiwa wa hakimu mwuaji. Nani aliyepunjwa?

Limebakia lile swali la machozi, nalo ni gumu zaidi. Mfaransa Diderot, katika risala iliyochapishwa mwaka 1830, miaka mingi baada ya kufa kwake, alishikilia kwamba mwigizaji mkubwa hahisi kitu: yeye hupima, hukumbuka, hurudia, na aliaye kweli jukwaani ni mwanagenzi ambaye kesho atakosa machozi. Kama ni hivyo basi ushahidi wa Plato umeanguka, kwani kisichohisiwa hakiwezi kuzama. Lakini kanisa lenyewe lililowanyima waigizaji makaburi lina mtakatifu wao, Genesius, ambaye yasimuliwa kwamba alikuwa mwigizaji wa Rumi zama za Diocletian, akapanda jukwaani kuudhihaki ubatizo mbele ya mfalme, na katikati ya dhihaka imani ikamshika kweli, akaitangaza, akauawa. Iwe ni historia au ni hekaya, waliokipokea kisa hicho walikuwa wakikiri jambo: kwamba kitendo cha nje kina njia yake ya kuingia ndani hata pale mwenye mwili asipokiruhusu.

Na Ghazali alilijua hili. Azungumzapo juu ya wale wanaojilazimisha hali ya kushtuka na kulia katika kumsikiliza Mola wao, hawahukumu wote kwa hukumu moja. Yuko ajilazimishaye ili aonekane, na huyo ni wa riya. Na yuko ajilazimishaye kwa kuwa moyo wake ni mkavu na anataka unyweshwe, naye huyo anasifiwa, maana hali njema zaweza kuanza kwa takalifu na kuishia kuwa tabia. Hapa nia ndiyo mwamuzi, na nia haina sura. Lakini naona kwamba huyo wa pili, aliaye kwa kujilazimisha ili apate kulia kweli, anafanya jambo ambalo mwigizaji mwema angelitambua mara moja kuwa ni la ufundi wake.

Katika Iran, Washia wanapoigiza mauaji ya Imamu Husein, mchezaji aliyepewa sehemu ya Shimri, mwuaji mwenyewe, hutokea kwamba analia na kulaani huku akiinua upanga. Na wachezaji wengi hushika mkononi karatasi yenye maneno yao wasomayo, ijapokuwa wameyahifadhi, ili pasiwe na atakayedhani kuwa wanadai kuwa ndio wale watukufu au ndio wale waovu. Naiona desturi hii kuwa jawabu zuri kupita la Diderot. Karatasi ile ni mapatano yaliyofanywa yaonekane kwa macho. Mtu anasema: maneno haya nimepewa, machozi haya ni yangu, na vyote viwili nimevileta mbele yenu kwa wakati mmoja bila ya kuvichanganya.

Ajapokuwa hakushika karatasi, Fitzgerald aliishi kwa adabu iliyo karibu na hiyo. Hakuoa, hakupenda mikusanyiko ya Hollywood, wala hakujaribu kuugeuza umaarufu wa padri kuwa wake. Akarejea sehemu za kando kama kwamba Oscar haikupita nyumbani kwake. Yawezekana ilikuwa haya ya maumbile kuliko tawadhui ya kuchagua, na kwa mtu aliyefariki mwaka 1961 hapana njia ya kupambanua. Lakini kazi yenyewe ya mwigizaji wa kando ina mafunzo yake ya nafsi hata kwa asiyeyataka: kutwa nzima kusubiri, kutokea, kusema maneno manane, na kumwachia mwingine mwangaza.

Ndugu wawili, Barry na Arthur, walikutana tena mbele ya kamera ya Ford katika The Quiet Man, sinema ya mwaka 1952, iliyopigwa kijijini Cong upande wa magharibi wa Ireland. Barry ni mshenga, Michaeleen Oge Flynn, mwenye farasi anayesimama mwenyewe mbele ya kilabu. Na Arthur, yule mwasi wa 1916, ni Kasisi Playfair wa Kiprotestanti, mwenye waumini wachache hata kanisa lake laelekea kufungwa na yeye kuhamishwa. Askofu wake aja kukagua. Basi padri wa Kikatoliki wa kijiji, Lonergan, aifunika kola yake isionekane, awaamuru Wakatoliki wake wote wajipange barabarani wamshangilie askofu kama kwamba wao ni Waprotestanti, ili Playfair adhaniwe kuwa ana kundi kubwa, abakie nao. Nao washangilia kwa furaha isiyo ya kuazima.

Kwa kipimo nilichokiweka mimi mwenyewe, kijiji chote kile kina hatia. Askofu hakulipa kiingilio, hakuambiwa kuwa yupo mchezoni. Ameombwa aamini, na kuna kitu kimechukuliwa kwa kuamini kwake. Wanavyuoni wetu walilegeza kamba kwa maneno yasemwayo ili kusuluhisha watu waliofarakana, lakini Playfair na askofu hawakuwa wamefarakana, na sijui kama ruhusa hiyo yaweza kuvutwa hata ikafika Cong. Nimewauliza wawili walionizidi elimu. Wa kwanza alisema haifiki. Wa pili alitaka kwanza kujua kama yule kasisi alibakia kijijini, na nilipomwambia kuwa alibakia, akacheka, akaniuliza habari za mshenga.